Nganya hazitoki, nyuso ni nyeusi, na mtindo wangu siuoni

lenzi_ya_ngara

Wadau, habari za jioni. Nasomea upigaji picha, mwaka wa pili, na mwisho wa muhula natakiwa kuwasilisha mfululizo wa picha 12. Kamera ni Canon ya sensa ya APS-C (ndogo kuliko fremu kamili), lenzi ni 18-55 mm na 50 mm f/1.8. Mada ni magari ya matatu na watu wa mtaa wa Tom Mboya, Nairobi, kati ya Archives na Fire Station.

Nikiifuata nganya (matatu iliyopambwa) kwa kamera mchana, shata (muda wa kupokea mwanga) ikiwa 1/15 ya sekunde, picha inatoka nyeupe pe. Nikipandisha hadi 1/125 gari linaonekana kama limeegeshwa. Makanga (kondakta) akisimama mlangoni uso unakuwa mweusi tii. Halafu mwalimu anasema picha zangu ni safi ila mtu yeyote angezipiga. Huo mtindo hutafutwaje?

shata_polepole

Hilo la nganya ni hesabu tu. Jua la mchana, ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga), linataka takriban f/16 (tundu la lenzi; namba kubwa, tundu dogo) kwa 1/100. Ukishuka hadi 1/15 umeongeza karibu stopu tatu za mwanga (kila stopu ni mara mbili), na lenzi ingebidi ijifunge hadi karibu f/40, ambayo haina. Ukiwa kwenye Tv (wewe unachagua shata, kamera inachagua tundu) utaona namba ya apacha, yaani hilo tundu, inawakawaka: imefika mwisho. Hata pale inapokubali f/22, picha hulegea kwa sababu mwanga hutawanyika ukipita tundu dogo, na kila chembe ya vumbi iliyo kwenye sensa hujitokeza kama doa angani.

Tafuta filta ya ND8, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Inakata stopu tatu, kwa hiyo 1/15 itakurudisha kwenye f/14 hivi. Kabla hujalipa soma alama ya ø, kipenyo cha filta, mbele ya lenzi. 18-55 ya STM ni 58 mm, 50 mm ya STM ni 49 mm, hazibadilishani filta.

Kuhusu spidi, gari la kilomita 30 kwa saa husogea sentimita 14 hivi katika 1/60, na 55 hivi katika 1/15. Hizo 55 ndizo zinazoyageuza majengo ya nyuma kuwa mistari. Foleni ikitambaa, shuka hadi 1/8 au subiri mahali magari yanapofunguka baada ya taa.

Simama miguu ikielekea pale utakapobonyeza, zungusha kiuno uanze kulifuata gari likiwa bado mbali, AI Servo (fokasi inayofuata kitu kinachosogea), nukta moja ya fokasi juu ya maandishi ya ubavuni. Piga mfululizo na uendelee kuzunguka hata baada ya shata kufunga. Ukiona kila kitu kimejirudia juu na chini, mikono ilikuwa inapanda na kushuka. Ukiona dereva yuko wazi lakini nyuma ya gari imefifia, gari lilikuwa linakata kona au ulibonyeza kabla halijafika mbele yako. Nyingi zitaharibika, hiyo ni kawaida ya kazi yenyewe. Na usiku usishangae taa za LED za nganya zikichora nukta nukta badala ya mstari. Huwaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, na kamera inayosogea inazianika.

mama_studio

Mwanangu, uso mweusi si kosa la ngozi, ni kipima mwanga. Kinataka kila fremu iwe ya kijivu cha wastani. Anga jeupe likijaa nyuma ya makanga, kamera inapunguza mwanga na uso unazama. Ongeza fidia ya mwanga kwenye kamera, +1, hata +1⅔. Lakini ukimsogelea mpaka uso mweusi ujaze fremu, kamera hufanya kinyume: inaongeza mwanga, ngozi inageuka majivu. Hapo weka −⅓ hadi −⅔. Wengi hujifunza nusu ya kwanza tu.

Saa sita mchana jua letu liko karibu utosini, kwa hiyo macho huwa mashimo. Mlete mtu ukingoni mwa kivuli cha veranda, uso uelekee barabara iliyo wazi, na mwenzako ashike manila nyeupe usawa wa kiuno, mita moja hivi kutoka kwake. Karatasi hiyo inafanya kazi ya riflekta, inarudisha mwanga usoni. Paji likimeta, tishu kavu kwanza, kompyuta baadaye.

Angalia pia ukuta wa jirani. Kibanda cha M-Pesa hupaka shavu rangi ya kijani, na hakuna waiti balansi (marekebisho ya rangi ya picha nzima) itakayoiondoa kwa sababu iko upande mmoja wa uso tu. Msogeze mita moja na nusu.

Jioni usichelewe. Hapa jua hushuka wima: likiwa nyuzi kumi juu ya upeo umebakiwa na dakika 40 hivi, na likizama mwanga wa samawati hauzidi dakika 20. Kufikia saa kumi na moja na nusu uwe umeshasimama mahali pako.

fremu_moja

Kuhusu mtindo, usinunue preseti, yaani mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari. Rangi ya kununua ndiyo inayofanya picha ziwe za yeyote.

Toa picha 200 ulizokwisha kupiga, chagua 30 ambazo wewe mwenyewe hurudi kuziangalia, hata zenye kasoro. Kwa kila moja andika milimita za lenzi, umbali wa mtu, mwanga unatoka upande gani, kamera iko usawa wa nini, na kuna nini kwenye kingo nne. Yanayojirudia bila wewe kupanga ndiyo ya kushika. Labda unapiga kutoka kiunoni kila mara, labda unakata vichwa. Shika mawili, uyakazie.

Mpiga picha Seydou Keïta kule Bamako, Mali, alipiga kwa mwanga wa jua, vitambaa vya maua nyuma, na kwa kubana matumizi kila mteja alipata picha moja tu. Ile hali unayoitambua mara moja ilitoka kwenye mipaka hiyo. Kwa hiyo funga 50 mm, usiiguse nyingine.

shata_polepole

Kwa mipaka nakubali, kwa 50 sikubali. Kwenye APS-C, mtu mzima kuanzia kichwa hadi kiatu, kamera imesimama wima, anahitaji mita nne na nusu. Pale Tom Mboya watapita watu kumi katikati. Weka 18-55 kwenye 24, ifunge na selotepu. Mtu huyo huyo atatosha kwa mita mbili na kidogo. f/8, fokasi kwenye kitu kilicho mita 2.5, kisha swichi iende MF (fokasi ya mkono, isibadilike): kuanzia mita moja na nusu hadi saba kila kitu kiko sawa.

lenzi_ya_ngara

Asanteni sana. Nimeanza kuandika zile 30, na 19 mlango wa gari umekata ukingo wa kushoto. Sikuwahi kuona.

fremu_moja

Basi hiyo ndiyo 12 yako. Kila picha iwe na mlango upande wa kushoto, mtu upande wa kulia, 24 mm. Ile ya kufuata gari iweke moja au mbili tu, zisimeze mfululizo.

mama_studio

Na makanga umwombe kwanza, umtumie picha kwa WhatsApp. Ukitaka kuuza uso wake, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa yake, na maandishi ndiyo yatakayokutetea. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi.