Nimelipishwa "kurudi tupu", kumbe remorke (trela) imerudi Dar na shaba!!

Bandugu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mwenye kutaka kuleta gari kubwa la zamani asome hii kabla hajatoa hata dola moja. Roho inaniuma kabisa.

Nilinunua bisi Dar es Salaam, Mercedes O 302, zile zilianza kutengenezwa 1965, njo zile zilibeba timu mu Kombe la Dunia 1974 kule Ujerumani na Zaïre yetu ilikuwemo. Baba aliendesha ya namna hiyo barabara ya Likasi, mi nilikua ndani yake. Moteri haiwaki, lazima ibebwe. Kontena haiwezekani, mlango wake una upana wa kama mita 2.34 na bisi iko na 2.5, basi ikabaki remorke tu.

Mwenye kampuni moja akanipigia hesabu dola 9,000. Nikashtuka. Akasema 5,500 ni ya kuja na 3,500 ni ya kurudi, sababu "mzee, gari itarudi tupu, mazutu (dizeli) nani atalipa?" Nikamwamini, nikachukua makuta yote ya likelemba (mchango wetu wa kupokezana) nikaongeza na ya kuuza kiwanja.

Tunduma, mpaka wa Tanzania na Zambia, ikapita vizuri. Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ikalala siku 6, ananidai dola 150 kila siku, na iliyochelewa ni karatasi zake yeye, mtu wa duane (forodha) mwenyewe alinionyesha tarehe!

Halafu bisi inafika hapa, naona minyororo imepitishwa juu ya paa na ndani ya madirisha. Gari la namna hii linafungwa ku magurudumu na ku ekseli, kwa mikanda, bodi haiguswi. Ule ukanda wa aluminiamu wa pembeni, wenye baba alikuwa anaupangusa kila asubuhi kwa kitambaa na mafuta kidogo, umebonyezwa pahali tatu, na mnyororo umekula rangi mpaka chuma kinaonekana.

Bado. Siku nne baadaye narudi Kasumbalesa kutafuta risiti, nakuta remorke ile ile, namba ile ile, shofere yule yule, na juu yake shaba, zile sahani zimefungwa mafungu mafungu zinangoja kuvuka. Nikamwuliza shofere, akajibu bila hata kuficha, "mzee, sisi tunarudi na shaba kila safari."

Kila safari!! Sasa hiyo 3,500 ni ya nini? Mwenye shaba amelipa njia ile, na mi nimelipa njia ile ile.

Kama unatafuta remorke, kwanza uliza itarudi na nini, iandikwe ku kontra, na bei ya kila siku ya kungoja ku mpaka iandikwe pia, na ikichelewa, mwenye kosa njo analipa. Wenye magari yanayokuja kuchukua shaba, kama wanaingia huku bila mzigo wa kutosha, hao njo wa kuongea nao bei.

Mi nataka 3,500 yangu na ukanda wangu. Nimeenda ku biro yake mara nne, kila mara ni "pita kesho". Kesho napita na shofere wa baba wa zamani na picha zote.