Naomba ushauri: mtoto akifikisha miaka 7 baba anaruhusiwa kumchukua?

Habari zenu ndugu zangu, naombeni mnisaidie kichwa kimechoka. Mimi na mume wangu tumetengana toka mwezi wa nne, tuna watoto wawili, wa kiume ana 9 na wa kike anafikisha 7 mwezi ujao, niko nao wote hapa Mbagala nauza vitenge. Sasa baba yao anasema binti akitimiza 7 sheria inampa yeye, na mawifi nao wananipigia simu eti watoto ni wa ukoo.

Nimesoma Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 125, ninavyoelewa chini ya miaka 7 inachukuliwa ni heri mtoto akae na mama ingawa mwenzio anaweza kupinga mahakamani, ila sijaona palipoandikwa kwamba akipita 7 anaenda kwa baba moja kwa moja. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto. Nipo sahihi?

Juzi nimekuta kaka mtu kaficha viatu vya shule vya mdogo wake chini ya godoro, namuuliza ananijibu "bila viatu baba hawezi kuondoka naye". Nililia jamani.

Matumizi hajatoa miezi mitatu, meseji zote nimezitunza. Baraza la usuluhishi la kata bado hatujaenda. Naweza kuomba mahakamani amri ya kukaa nao kabla ya talaka? Na afisa ustawi wa jamii akija anaangalia nini hasa, chumba kimoja cha kupanga kitaniangusha? Sitaki kumnyima kuwaona, wanampenda sana, nataka tu utaratibu unaoeleweka.