Rivolva ya zamani ya shabaha: triga inagota kabla nyundo haijaanguka, nifanyeje?

Mwana_Mafinga
Wakuu habari za majukumu. Nina rivolva ya zamani ya kulengea shabaha, Smith & Wesson K-38, ile waliyokuja kuiita Model 14. Mtutu inchi sita, risasi .38 Special. Leseni ni yangu na iko hai, tusianzie huko.

Nyuma ya triga kuna kipande kidogo cha chuma kinachoizuia isirudi kupita kiasi. Nikikoki nyundo kwanza ndipo nivute, inafyatua safi. Nikivuta moja kwa moja bila kukoki, tena taratibu, kuna wakati triga inagota kwenye hicho kipande na nyundo inabaki juu, haianguki. Nikikaza kidole inaanguka, lakini kwa kusitasita. Asubuhi za baridi, huu mwezi wa sita na wa saba mnaoujua wenyewe watu wa Mafinga, ndiyo inazidi. Jua likichomoza inatulia.

Kuna fundi cherehani hapa mjini ananiambia nimpelekee ailegeze, dakika tano tu. Mkono umekuwa mzito. Hicho kizuizi kinarekebishwaje, na nianze kuangalia nini?

Ilula_Nyanya
Nimekaa paleee nasubiri wajuzi. Ila mkuu, huko Mafinga unalenga nini, nguzo za umeme?

Mwana_Mafinga
😂 Nguzo zina wenyewe. Nalenga karatasi.

Babu_Armari
Kijana, fundi cherehani aendelee na cherehani.

Kabla ya yote fungua silinda, toa risasi zote, tazama matundu yote sita kwa macho kisha pitisha na kidole. Risasi zipeleke chumba kingine kabisa. Nimeshika kazi ya ghala la silaha miaka mingi na hapa sijawahi kumwamini mtu, hata mimi mwenyewe.

Sasa tuje kwenye shida yako. Kizuizi hicho kiliwekwa kwa ajili ya walenga shabaha. Nyundo ikishaachia, triga isiyo na kizuizi inaendelea kurudi nyuma hewani, na ule mruko mdogo wa kidole unatikisa mtutu wakati risasi bado haijatoka. Ukiizuia palepale inapoachia, mkono unatulia. Ni kitu kizuri. Ubaya wake ni kwamba nafasi kati ya "inaachia" na "inagota" ni nyembamba mno, kwa hiyo kitu chochote kikiingia hapo katikati, au skrubu ikilegea na kipande kikasogea mbele, triga inafika mwisho wa safari kabla nyundo haijaachia. Ndicho kinachokupata. Polisi wengi wa Marekani waliking'oa kabisa kwenye silaha zao za kazini kwa hofu hiyohiyo: siku ukiihitaji, isije ikakwama.

Na hiyo habari ya baridi inanipa picha. Oili ya zamani ikikaa miaka bila kusafishwa inageuka gundi. Baridi ikiingia inakuwa ngumu zaidi, inaganda mbele ya kizuizi na kwenye egemeo za triga na nyundo. Kwa hiyo usikimbilie skrubu. Safisha kwanza. Tumia kisafishio cha silaha na mswaki mkuukuu, nyuma ya triga pale, kausha, kisha tone moja la oili nyepesi kwenye egemeo. Tone moja, siyo kumimina. Grisi usiguse kabisa.

Ukishasafisha, fanya jaribio hili. Silaha tupu, mtutu uelekee mahali salama. Koki nyundo, ishike kwa dole gumba isiporomoke, vuta triga mpaka igote na uibane hapohapo, kisha ishushe nyundo polepole sana. Sikiliza kwa kidole. Inatakiwa ishuke laini mwanzo hadi mwisho. Ukisikia inakwaruza au inaruka kijipengo njiani, ncha ya triga inaparuza lile pengo la nyundo, pale triga inaposhikia nyundo ikiwa imekokiwa, maana yake kizuizi kiko mbele mno. Rudia kwa kila tundu la silinda, yote sita, halafu rudia kwa kuvuta moja kwa moja bila kukoki. Ikipita kwa tundu moja usiseme imepona.

Chuma_Chakavu
Mnazunguka mno. Toa nyundo, piga msasa kidogo lile pengo, triga itakuwa laini kama siagi na hiyo habari ya kugota itakwisha. Nimefanya kwenye gobore la mjomba na linafanya kazi mpaka leo.

Babu_Armari
@Chuma_Chakavu gobore la mjomba wako na K-38 havijuani.

Nyundo za hizo Smith za zamani zimekomazwa juu tu, ngozi ngumu nyembamba, ndani chuma ni laini. Ukipitisha msasa umeondoa ngozi. Baada ya muda pengo linaisha, na nyundo iliyokokiwa inaweza kuachia kwa kuguswa tu. Mwana_Mafinga, hata usipofuata lolote nililosema, hilo la msasa likatae. Na ulipime sasa hivi, pengine kuna aliyekutangulia: silaha tupu, koki nyundo, kidole kisiguse triga kabisa, kisha isukume nyundo mbele kwa dole gumba kwa nguvu ya kawaida. Ikiporomoka, acha kuitumia siku hiyohiyo.

Wakili_Uyole
Niongeze la kisheria kidogo maana watu husahau. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haihusu kumiliki tu, inagusa na utengenezaji na ukarabati. Kusafisha silaha yako ni haki yako. Kumpa mtu asiye na kibali akaifungue ni kesi yako na yake, na leseni yako ndiyo ya kwanza kuondoka. Nenda ofisi ya polisi wilaya ilikoandikishwa, waulize fundi mwenye kibali. Na usiitembeze kwenye basi ndani ya mfuko wa rambo, tafadhali.

Mwana_Mafinga
Shikamoo @Babu_Armari. Nimefanya yote. Nyundo haiporomoki nikiisukuma, hapo Mungu mkubwa. Kwenye kuishusha taratibu ilikuwa inakwaruza kabisa, nasikia kama kucha inapita kwenye ukingo wa bati. Nimesafisha, umetoka uchafu wa rangi ya kahawia, mzito. Sasa ukwaruzaji umepungua sana lakini matundu mawili bado yana kaukingo. Na nikitikisa kile kipande kwa kijiti cha meno, kinacheza kidogo.

Babu_Armari
Marahaba. Hapo umepata vyote viwili, uchafu na skrubu iliyolegea. Sasa ndiyo zamu ya fundi mwenye kibali, kwa sababu kufika kwenye skrubu vizuri kunataka afungue bamba la ubavuni. Mwangalie anavyolifungua. Akichukua bisibisi akaanza kulibandua kwa kuchokonoa ukingoni, ichukue silaha yako uondoke. Bamba lile hutolewa skrubu zake kwa bisibisi inayojaa mfereji sawasawa, kisha unagonga fremu ya kitako kwa mpini wa mbao, linainuka lenyewe. Skrubu zirudi kila moja kwenye tundu lake, hazifanani zote.

Mwambie arudishe kizuizi nyuma mpaka ukwaruzaji uishe matundu yote, kisha aongeze nafasi kidogo zaidi ya hapo. Wengi hubana mpaka mwisho wakidhani ndiyo ufundi. Akishakaza, tone la gundi ya skrubu ile ya bluu. Asipokuwa nayo, hata rangi ya kucha inashika, mafundi wa siku nyingi wanaijua hiyo.

Nyikani_Njombe
Babu, mimi ninayo Smith yenye fremu kubwa, ile wanayoiita N. Sioni hicho kipande nyuma ya triga.

Babu_Armari
Kwenye N kizuizi huwa ni kijiti ndani ya springi ya ile slaidi inayorudisha triga. Hakina skrubu, urefu wake ndio kipimo, na hufupishwa kwa tupa kidogokidogo. Ukizidisha tupa huwezi kurudisha, unaweka kingine. Kama haisumbui, iache.

Ilula_Nyanya
Swali la mtu asiyejua: akikitoa tu kabisa hicho kipande, si inaisha?

Babu_Armari
Inaisha, na silaha inafanya kazi kama kawaida. Kama ni ya kulinda nyumba ningekitoa bila kufikiri mara mbili. Ya karatasi, kirekebishwe kibaki.

Mwana_Mafinga
Mrejesho wakuu. Polisi walinielekeza kwa fundi mwenye kibali, Mbeya. Aligonga fremu kwa mpini wa mbao kama Babu alivyosema, nikatulia. Kumbe ndani gundi ya oili ilikuwa imejaa hadi kwenye slaidi. Kizuizi kimerudi nyuma kama unene wa karatasi, kimekazwa na gundi ya bluu. Matundu yote sita yanashuka laini, kwa kukoki na bila kukoki, na nimeijaribu alfajiri na baridi yake.

La mwisho: ala yake ni ya ngozi, ya zamani. Niendelee kuihifadhia humo?

Binti_Tukuyu
Usithubutu. Ngozi inavuta unyevu na inaushikilia. Huku kwetu mvua haikatiki, ya baba ilipata kutu upande mmoja tu, ule uliolalia ngozi. Ifute kwa kitambaa chenye oili kidogo, iweke kwenye kasha kavu lenye kufuli. Ala iwe ya kubebea tu.