Tupeane uzoefu: jointi za stelingi zilizolika kwenye trekta dogo la bustani

Wakuu habari za jioni. Wenye matrekta madogo ya bustani ya kizamani, haya ya kukalia ya kukatia nyasi na kuvuta kitoroli cha samadi, njooni tuambiane mlivyofanya kwenye jointi za stelingi, zile za kwenye ncha za fimbo inayopeleka usukani kwenye tairi za mbele.

Naanza mimi. La kwangu liko Usa River, la Kimarekani, usukani ulikuwa unacheza karibu robo mzunguko ndo tairi zinaitika. Jointi za kiwandani ni kichwa cha mviringo kimekaa kwenye kikombe cha plastiki, kikilika hakuna cha kukaza pale. Nikatoa zote nikaweka rodi endi, zile zenye jicho na bolti inapita katikati, upande mmoja thredi ya kulia upande wa pili ya kushoto, kwa hiyo ukilegeza loknati (nati ya kufungia) ukazungusha fimbo inarefuka au inafupika yenyewe bila kufungua bolti.

Kitu cha kuangalia sana ni bolti. Tundu la rodi endi ya nusu inchi ni milimita 12.7, dukani watakupa bolti ya 12 na itaingia safi kabisa, ila hiyo 0.7 tayari ni mchezo mpya hata hujawasha mashine. Tafuta ya inchi yenyewe, yenye mistari mitatu kichwani (greidi 5) au sita (greidi 8). Halafu weka washa pana upande ulio wazi, siku ile boli (kile kichwa cha mviringo cha ndani) ikichomoka kwenye jicho fimbo haidondoki.

Mdau wa Ngaramtoni: Mkuu umesema vizuri ila huku kwetu rodi endi za wazi hazidumu. Hili vumbi la majivu ya Meru ni msasa kabisa, ukipaka grisi ndo unalikusanya. Mimi nikaamua kuchukua tairodi endi za gari dogo zenye buti ya mpira, shida yake shina lake ni la tepa, yaani linapungua unene kuelekea mwisho, na tundu la mkono wa stelingi wa trekta limenyooka. Nikapeleka Unga Limited pale Arusha, fundi wa leth (mashine ya kuchonga chuma) akanichongea bushi yenye tepa ndani, akaigongea kwenye mkono akaichomelea pembeni. Tangu hapo nabadilisha buti tu ikichanika. Nati ya taji na spilitpini mpya, usirudishie ile ya zamani hata kama inaonekana nzima.

Mdau wa Machame: Kabla hamjanunua chochote kagueni kwanza mchezo uko wapi. Dogo akae atikise usukani kulia kushoto huku tairi zimekanyaga chini, wewe shika kila jointi kwa mkono, iliyolika utaisikia inagonga kwenye kiganja. Mimi nilikuta jointi zina nafuu, bushi za kingipini (pini ambazo tairi za mbele zinapindia) ndo zilikuwa zimeisha na pini ya katikati ya ekseli ya mbele imelika upande mmoja, huku kwenye miteremko ekseli inabembea kutwa nzima. Bushi nikachonga za shaba nikatoboa na njia ya grisi, ikawa nyingine kabisa.

Mdau wa Pasua, Moshi: Naombeni sana msikubali kuchomelea boli iliyolika ili inenepe. Nimeona ya jirani yangu, fundi aliijaza weldi akaisaga ikawa nzuri kwa macho, ule moto unaharibu ugumu wa chuma, ikakatika shingoni akiwa anashuka na kitoroli kimejaa mawe. Bahati kulikuwa na ua wa michongoma. Na wakati wa kuchomoa ile ya tepa msigonge shina, gonga pembeni ya jicho la mkono kwa nyundo huku upande wa pili umeegemeza nyundo nyingine nzito, inaachia yenyewe na thredi zinabaki salama.

Mleta uzi: Asante mkuu wa Pasua, hilo la kuchomelea naomba kila mtu alisome mara mbili. Mkimaliza msisahau kupima tairi za mbele, usawa wa katikati ya tairi, mbele ziwe zimebanana kuliko nyuma kwa milimita 3 mpaka 6 hivi, zikiachana mbele trekta linatangatanga na tairi zinalika ukingo.

Sasa mimi nimebakiwa na ile gia ya kipepeo (kipande cha gia chenye umbo la feni) chini ya usukani, meno ya katikati yamelika ya pembeni mazima. Kuna aliyewahi kuichongesha hapa Arusha au Moshi? Alitumia chuma gani?