Je, Chevrolet C20 hii ya mwaka 1970 ni Longhorn ya kweli?

Swali

Ndugu zangu, naomba msaada wa kutambua pikapu ya Chevrolet C20 ya mwaka 1970 ambayo muuzaji anadai kuwa ni Longhorn, yaani ile iliyotoka kiwandani ikiwa na bodi ya nyuma ya futi 8 na nusu badala ya futi 8 za kawaida. Ubavuni ina nembo ya Longhorn, lakini nembo hiyo inang'aa kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, na hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia. Nambari iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva inaanza na CE240. Je, nambari hiyo inatosha kuthibitisha, na kama haitoshi, nianze kukagua wapi?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, nambari hiyo inalingana na maelezo ya muuzaji, ila haitakufikisha mbali. C inaonyesha kwamba injini husukuma magurudumu ya nyuma pekee, E ni injini ya V8, 2 ni daraja la robo tatu ya tani, 4 ni kabini yenye bodi ya pikapu, na 0 ni mwaka 1970. Hakuna tarakimu inayotaja urefu. C20 ya futi 8 nayo huanza vivyo hivyo. Nembo iache kabisa, maana mtu yeyote anaweza kuinunua na kuibandika.

Nyoosha magurudumu ya mbele, kisha pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma. Katika pikapu za Chevrolet za kizazi hicho, cha mwaka 1967 hadi 1972, bodi ya futi 6 na nusu ilikaa kwenye umbali wa inchi 115 kati ya ekseli, ya futi 8 kwenye inchi 127, na Longhorn kwenye inchi 133. Pima pande zote mbili, kwa kuwa vipimo vikitofautiana waziwazi huenda chesisi imepinda au imewahi kukatwa na kuchomelewa upya. Ingia chini ya gari ukague reli zote mbili za chesisi, yaani vyuma virefu vinavyobeba gari, kuanzia nyuma ya kabini hadi kwenye ekseli ya nyuma.

Baada ya hapo tazama ubavu wa bodi. Kwa ajili ya Longhorn, ubavu wa futi 8 ulirefushwa kwa kuongezewa kipande upande wa mbele, na ndiyo maana utaona mshono wa wima nyuma kidogo ya kabini. Wanunuzi wengi hudhani mshono huo ni alama ya ajali na hupunguza bei kwa sababu yake, ilhali kwa maoni yangu ubavu usio na mshono ndio unaopaswa kututia wasiwasi. Sakafu ya mbao haithibitishi lolote, kwa kuwa bodi nyingine za miaka ile pia zilikuwa nayo.

Mwisho, fungua kisanduku cha dashibodi uangalie kibandiko cha karatasi kilichoorodhesha vifaa ambavyo gari lilifungiwa kiwandani. Kama bado kinasomeka, kinaweza kumaliza ubishi.

Jibu la pili

Naongeza tahadhari moja. Vipimo vya kampuni moja visihamishiwe kwenye magari ya kampuni nyingine. Inchi 133 kwenye Ford F-100 ya mwaka 1973 hadi 1979 ni bodi ya kawaida ya futi 8, wala si kitu adimu. Kwa upande wa Ford, cha kutafuta ni F-350 ya kubebea vibanda vya kulala safarini, yenye inchi 140, ambayo ekseli yake ya nyuma ilisogezwa nyuma ili uzito wa kibanda ukae vizuri kati ya magurudumu. Longhorn nayo ililenga wateja haohao.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimepima inchi 133 pande zote mbili, mshono upo kulia na kushoto, na reli hazina dalili ya kuchomelewa. Kibandiko kimeraruka, lakini sehemu yenye nambari ya modeli bado inasomeka: CE21034. Je, tarakimu hizo zina maana gani?

Jibu la tatu

Tarakimu ya 2 ni daraja lilelile la robo tatu ya tani. Zile mbili zinazofuata, yaani 10, ndizo zinazotaja urefu wa chesisi: 07 ni inchi 115, 09 ni inchi 127, na 10 ni inchi 133. Mbili za mwisho zinataja umbo la bodi: 34 ni bodi yenye ubavu ulionyooka, na 04 ni ile yenye vikanyagio na madigadi yaliyotokeza nje. Kwa hiyo kibandiko kinasema kwamba gari lako lilitoka kiwandani likiwa Longhorn.

Nazitaja 04 na 34 kwa makusudi, kwa sababu daraja la tani moja, yaani C30, liliuzwa pia likiwa na bodi ya futi 9 yenye vikanyagio, juu ya chesisi ileile ya inchi 133. Mtu anaweza kuitoa bodi hiyo, akaweka ya Longhorn iliyotoka kwenye gari bovu, na tepu ya kupimia isigundue chochote. Gari la namna hiyo hunaswa na 31004 kwenye kibandiko. Nawe, kabla hujalipa, hakikisha kwamba nambari ya gari iliyoandikwa kwenye kibandiko ni ileile iliyo kwenye nguzo ya mlango, kwa kuwa kifuniko cha kisanduku cha dashibodi hufunguliwa kwa skrubu chache na kuhamishiwa gari lingine. Kama sehemu hiyo ndiyo iliyoraruka, tegemea zaidi mshono na reli.