Ukoo wa Bibi Mwajuma: Salma kawa mzuka

Salma: Shikamooni wakubwa. Nimefika Bagamoyo salama 📷

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. YALLAH! Hiyo damu ya nini? Umegongwa?

Idi: Shangazi soma juu. Jana kasema anaenda kuigiza filamu ya kutisha ya wanafunzi

Shangazi Mwanaidi: Nasoma juu saa ngapi na wewe umejaza mpira humu

Baba Mdogo: Unaigiza nani?

Salma: Mzuka. Jina sina. Kwenye karatasi yao nimeandikwa "mzuka mwenye kanga" 😂

Rehema: Damu mmetengeneza na nini? Imekolea

Salma: Shira ya sukari, rangi nyekundu ya keki na kakao kidogo, bila kakao inakuwa pinki. Tamu hasa. Tatizo sisimizi. Nimekaa chini ya mwembe wamenipanda mpaka shingoni na siruhusiwi kujipangusa

Rehema: Kwa nini?

Salma: Kuna dada kazi yake kutupiga picha kila wakisema kata. Damu imeishia wapi, kanga iko bega gani. Nikijifuta, sini inayofuata jeraha litakuwa limehama

Idi: Dairekta Hitchcock, ile sini yake ya bafuni kwenye filamu ya Psycho mwaka 1960, damu alitumia shira ya chokoleti. Filamu haikuwa ya rangi, nani angejua

Shangazi Mwanaidi: Idi kazi umepata?

Idi: 🙏 nimenyamaza

Rehema: Bibi anasema niandike hivi: "Huyo kijana aliyelala nyuma yako kwenye picha, mbona kavishwa sanda?"

Salma: Shikamoo Bibi. Ni shuka tu Bibi

Rehema: "Marahaba. Shuka jeupe, limefungwa kichwani na miguuni, hiyo ni sanda. Mtu mzima wa afya yake havishwi sanda kwa mchezo. Waambie."

Baba Mdogo: Hapo mama kasema kweli. Filamu nyingi za kwetu wanavuka huo mpaka halafu wanashangaa watu wazima hawaangalii

Salma: Ngoja nikamwambie dairekta

Shangazi Mwanaidi: Na mko makaburini?

Salma: Hapana. Walitaka Kaole, kwenye yale magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Pale ni mambo ya kale, huingii na kamera na watu kumi ukaanza kupiga mayowe bila kibali. Wameishia kwenye nyumba mbovu shambani, minazi tu

Shangazi Mwanaidi: Alhamdulillah. Usiku usikae huko

Salma: Hakuna usiku shangazi. Taa hawana. Wanapiga alasiri hii hii, wanapunguza mwanga kwenye kamera wanatia ubluu baadaye, inakuwa usiku wa manane. Ila jua lisionekane tu, wala mbingu

Salma: Bibi, wamekubali! Dairekta kasema hata mama yake alimgombeza. Kijana wamemfunika jamvi, inaonekana miguu tu. Na wallahi inatisha kuliko mwanzo

Rehema: Bibi anacheka. Anasema "miguu ndiyo humwambia mtu"

*Simu ya sauti iliyokosa kujibiwa*

Salma: NANI KANIPIGIA

Shangazi Mwanaidi: Mimi. Ulikuwa kimya nikajua yamekukuta

Salma: Shangaziii. Tulikuwa tumesimama wote hatupumui, wanarekodi kimya cha mahali

Shangazi Mwanaidi: Kimya nacho kinarekodiwa?

Salma: Ndiyo. Wanakiweka chini ya maneno. Wakikata na kuunga bila hicho kimya, nyuma panasikika kama pametobolewa. Wameanza upya, ikaingia bodaboda. Wakaanza tena, adhana. Kuna mtu kanuna hapa

Idi: Si mpige mayowe tu 😂

Salma: Mayowe yenyewe tumepiga bila sauti! Sisi wa nyuma tunafungua midomo tu, ili wale wakubwa wasikike. Za kwetu watarekodi kando. Jaribu kukimbia umeachama bila kutoa sauti, utajiona zuzu

Baba Mdogo: Umesaini chochote?

Salma: Fomu ya ridhaa

Baba Mdogo: Inasemaje

Salma: Watumie picha yangu kwenye mtihani wao, matamasha na mtandaoni. Wanaota ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar. Malipo hakuna, nauli na chakula

Baba Mdogo: Mtihani na matamasha sawa. Hilo la mtandaoni ungewaambia wakuonyeshe kwanza kabla ya kurusha. Na nauli wamekupa mkononi au wamesema?

Salma: Wamesema

Baba Mdogo: Haya

Rehema: Chakula je?

Salma: Wali maharage, umekuja saa tisa. Nimekula kwa upande mmoja. Shavu la pili ni jeraha la karatasi laini na gundi ya kope, nikitafuna linabanduka

Salma: Shangazi, Jumamosi wanatafuta mama wa kulia msibani. Nimewaambia nina shangazi

Shangazi Mwanaidi: Kulia naweza. Kulia bila sauti siwezi

Salma: Huyo analia kwa sauti, mbele kabisa ya kamera. Wanauliza kama una kaniki

Shangazi Mwanaidi: Ipo ya marehemu mama mkwe. Ila nauli waitume Ijumaa kwenye simu yangu, na huo wali uje saa saba

Baba Mdogo: 👏👏 Salma jifunze hapo