Kunikunia sanduku langu kwa UFUNGUO WA GARI mbele ya watu?! Huyu mtu mmemlea nyie!

MkandaWaChuma
Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye maegesho, mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe.

Jina sitaji. Yule yule. Wa lenzi shingoni na kizibao cha mifuko kumi na saba. Kila gulio yupo, kila meza kashika, na tangu azaliwe hajanunua hata msumari. Mnamjua, na baadhi yenu humu mnamwita "mwalimu", Mungu anawaona.

Leo asubuhi niko kwenye gulio la vitu vya jeshi huku Ubelgiji. Nimepanga meza yangu kistaarabu. Mikanda ya MG34, rashasha ya Wajerumani, vipande vinne, vya risasi hamsini hamsini (mitupu, msianze), ndimi mbili za kuingizia mkanda, Gurttrommel moja, lile kopo la mviringo linaloning'inia ubavuni mwa bunduki, na katikati, juu ya kitambaa nilichokipiga pasi mwenyewe usiku, SANDUKU LANGU. Patronenkasten 41, sanduku la risasi la Wajerumani. La Vita vya Pili. Nimelitunza miaka mitano, mke wangu analiita "bi mdogo".

Jamaa kafika. Nikampa shikamoo, maana mvi anazo. Hakuitikia. Kainama, kaweka lenzi, kalinusa. Wallahi kalinusa, kama mtu anayechagua papa sokoni. Halafu kachomoa ufunguo wa gari. Nikajua anaondoka. Kumbe! KRRRUU. Ubavuni. Urefu wa kidole. Rangi ikajikunja kama ganda la ndizi mbele ya macho yangu.

Kisha akasema, kwa sauti ya muadhini: "Hili kawekee vitunguu."

Hapo angeishia ningemsamehe, maana pale Waswahili tulikuwa wawili tu. Akatafsiri kwa Kifaransa. Akatafsiri kwa Kiholanzi. Wazungu wakacheka kwa zamu, kila mmoja lugha yake ilipofika.

UFUNGUO WA GARI, wakuu. Na gari lenyewe ni kile kitoroli chake chenye mlango wa rangi nyingine!

BabuRashasha
Nimekaa siti ya mbele.

Chuma_Chakavu
Uzi bila picha ni umbea. Tupia hilo jeraha tulione.

DadaWaTanga
Pole kaka. Ila "akatafsiri kwa Kiholanzi" nimecheka mpaka mtoto kaamka 😂😂

MkandaWaChuma
Cheka tu dada, siku yako inakuja. Picha hiyo hapo, nimepiga na mwanga wa simu. Tazameni alichofanya. Ufunguo! Angeomba hata wembe ningempa, ningelia huku nampa, lakini angeomba!

Chuma_Chakavu
Mkuu, swali dogo. Rangi ya mwaka 1942 inajikunjaje kama ganda la ndizi? Rangi ya vita ukiikuna inatoka unga unga, inabanduka kama kigae. Hiyo ya kwako inaonekana bado inanyonya.

MkandaWaChuma
Hiyo siyo mada. Mada ni UFUNGUO.

BabuRashasha
Nimeivuta picha. Chini ya rangi ya kijivu kuna rangi ya kijani, na juu ya kijani kuna tarakimu zimeanza kuchungulia. Nasoma 1005-12 halafu mkwaruzo unaisha. Kijana, unajua hizo ni nini?

MkandaWaChuma
Ni namba ya ghala, babu.

BabuRashasha
Ya ghala kweli, lakini ghala la nani? Hiyo ni namba ya vifaa ya NATO. Nne za mwanzo zinataja aina ya kitu, 1005 ni mambo ya bunduki. Mbili zinazofuata zinataja nchi, na 12 ni Ujerumani. Ujerumani Magharibi imeingia NATO Mei 1955. Hitler kafa Aprili 1945. Kwa hiyo siku sanduku lako linaandikwa hiyo namba, mwenye vita yake alikuwa kaburini miaka kumi na ushee.

Chuma_Chakavu
😂😂😂 Bi mdogo kadanganya umri!

KijanaWaKariakoo
Kwa hiyo mwenye lenzi yuko sahihi? Napita tu.

MkandaWaChuma
Sikilizeni nyie watu. Jeshi jipya la Wajerumani lilianza na mabaki ya zamani, mnajua fika. Rashasha za MG42 za vita zilibadilishwa mtutu zile risasi 7.62 za NATO, zikapewa jina MG2. Sasa kama BUNDUKI nzima ilivuka vita ikapewa jina jipya, sanduku lishindwe nini? Si inawezekana la vita likachukuliwa, likapigwa kijani, likaandikwa namba? Inawezekana!

Na hata lisingekuwa la vita, ndiyo linakunwa? Wewe ukikutana na bibi harusi unamshuku umri, unamkuna uso kwa ufunguo?

BabuRashasha
Inawezekana, sikatai. Ndiyo maana kuna herufi. Kuanzia kama 1940, 1941 hivi viwanda vyao vilificha majina, vikawa vinapiga herufi ndogo, mara nyingi tatu, na mwaka pembeni, na muhuri wa mkaguzi wa silaha wenye tai. Geuza sanduku utuambie kuna nini kwenye kifuniko.

MkandaWaChuma
Nipo barabarani sasa hivi babu.

Chuma_Chakavu
Ulisema upo maegesho.

DadaWaTanga
Jamani mwacheni mtu na uchungu wake. Kwetu Tanga Novemba 1914 Waingereza walikimbilia baharini wakaacha rashasha kumi na sita na risasi laki sita zikiwa safi kabisa, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kaokota na kuanza kuzitumia. Hakuna aliyezinusa, hakuna aliyezikuna. Watu walikuwa na adabu.

KijanaWaKariakoo
Dada unamtetea au unamzika?

BabuRashasha
Na wazee wetu hawakuiita rashasha. Askari wa vita ile waliita bombomu. Babu yangu mpaka anakufa, pikipiki mbovu ikipita alikuwa anasema "bombomu hiyo". Bahati mbaya jina la humu nililoweka siwezi kubadilisha.

MtavetaHalisi
Wacha na mimi nitoe yangu, kwani mnadhani ni nyinyi tu? Kuna jamaa huku kwetu, anazungusha wageni kwenye vilima vya vita, mnamjua nyote mliowahi kuja. Aliniuzia kishikizo cha shaba, akaniapia kwa mama yake kwamba kimetoka kwa mkanda wa Maxim, ile rashasha ya zamani, kilima cha Salaita, tarehe 12 Februari 1916. Hadi tarehe! Akanionyesha na shimo alilokitoa. Nikalipa elfu mbili. Nimefika nyumbani nikakisugua na ndimu na majivu. Kimeandikwa MADE IN CHINA. Ni cha mkoba.

Chuma_Chakavu
Wachina pia walipigana Salaita, kumbe hujui historia 😂

MtavetaHalisi
Cheka. Nilikirudisha, akanifundisha eti "hiyo ni ya upande wa wapagazi". Na sikuweza kwenda polisi, bana. Nitawaambia nini? Kwamba nilitaka cha bunduki nikapewa cha mkoba?

MkandaWaChuma
Pole ndugu wa Taveta, lakini wewe ulidanganywa faraghani. Mimi nilikuniwa HADHARANI. Kwa ufunguo. Turudi kwenye mada tafadhali.

FundiGesi
Wakuu habari za jioni. Nimesoma tangu mwanzo, sikutaka kuchangia, lakini uzi huu umenichoma kidonda. Mimi nina mkanda wa Vickers, rashasha ya Waingereza. NILIKUWA na mkanda wa Vickers. Ule wa kitambaa, wa risasi 250, una vipande vya shaba vimepangwa kati ya mfuko na mfuko. Niliupata hapa Leicester kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama nyumba, ukiwa ndani ya sanduku lake la mbao, haujawahi kunyeshewa. Nikauweka chini ya kitanda.

Mtu fulani ndani ya nyumba hii, sitaji jina, kaufua.

DadaWaTanga
Kaufua???

FundiGesi
Mashine. Nyuzi joto 60. Pamoja na mashuka.

BabuRashasha
Innalillahi.

FundiGesi
Naambiwa "ulikuwa unanuka panya". Nimeutoa unang'aa kama bendeji. Umenywea. Ule mfuko ambao risasi ya .303 ilikuwa inateleza kama mkate kwenye mchuzi, sasa hivi penseli haipiti. Vipande vya shaba vimekwangua ngoma ya mashine, mashine nayo inalia kama MG42. Na anayetakiwa kuomba radhi ni MIMI, kwa sababu ya mashine.

Chuma_Chakavu
Huyu kashinda. Mods hamisheni kombe.

BabuRashasha
Mwanangu, watu hawajui, kitambaa na maji ndiyo ulikuwa ugonjwa wa ule mkanda tangu mwanzo. Ukilowa unabadilika, risasi zinakaa upande, bunduki inakwama katikati ya shughuli. Ndiyo maana masanduku yake yalifungwa vizuri hivyo, na ndiyo maana wengine wote wakakimbilia chuma. Waingereza wenyewe wamekaa na Vickers mpaka 1968. Miaka yote hiyo, mvua za Ufaransa, matope ya Burma, haukuharibika hivyo.

DadaWaTanga
Ulitumia laini ya nguo? Maana laini inaweza kuurudisha kidogo. Loweka maji ya baridi, uvute ukiwa mbichi, mmoja huku mmoja kule.

FundiGesi
Mmoja huku nipo. Wa kule hataki kunisemesha.

KijanaWaKariakoo
Shemeji ana hoja lakini. Kitu kinanuka panya chini ya kitanda cha ndoa?

MtavetaHalisi
Hapana, hapo shemeji amekosa. Vitu vya mtu unauliza kwanza.

DadaWaTanga
Auliziwe nani wakati yeye hakuuliza kuleta mkanda wa bunduki chumbani?

MkandaWaChuma
Samahani, huu ni uzi wangu. UFUNGUO. WA. GARI. Nani analizungumzia?

Chuma_Chakavu
Tumekuelewa mkuu, subiri kidogo, ndoa ya mtu inavunjika huku.

KijanaWaKariakoo
Mimi sikusanyi chochote, nimeingia humu kwa bahati mbaya nikitafuta uzi wa kodi. Ila bi mkubwa wangu ana yale makopo ya chuma ya kijani, ya Kimarekani, kifuniko kina mpira ndani na komeo pembeni. Moja lina maandishi ya njano CAL .50. Ana mawili ya unga na moja la nyaraka za kiwanja. Hayo nayo ni ya vita?

BabuRashasha
Hiyo ni M2A1, linachukua risasi mia moja za .50 zikiwa kwenye mkanda. Wameyatengeneza kwa mamilioni na bado wanatengeneza. Huko Marekani watu wanawekea spana. Halina thamani ya mkusanyaji, lakini kwa unga, hakuna kitu duniani kama hicho. Panya hapiti, mvua haipiti, na mchwa akijitahidi sana atavunjika meno.

KijanaWaKariakoo
Mama anasema tangu awe nayo hajamtupa mdudu hata mmoja. Na hajawahi kukunwa na mtu.

DadaWaTanga
😂😂😂 mwenye uzi huyo kaguswa.

MtavetaHalisi
Bi mkubwa auze moja? Mahindi yangu yanaliwa na fukusi vibaya huku.

KijanaWaKariakoo
Hauzi. Nimemuuliza kaniangalia tu.

FundiGesi
Taarifa: tumeuvuta. Kakubali kushika upande wa pili baada ya mimi kukubali kununua mashine. Umerudi nusu. Sasa penseli inapita, risasi bado. Tumeuanika kwenye kamba uani, jirani Mzungu kasimama dirishani muda mrefu sana.

BabuRashasha
Usiuanike juani! Kivulini!

DadaWaTanga
Na kabla ya yote uondoe hapo nje kabla polisi hawajaitwa, we mwanaume.

Chuma_Chakavu
Mwenye uzi, umefika nyumbani? Kifuniko kinasemaje?

MkandaWaChuma
Nimefika.

Chuma_Chakavu
Na?

MkandaWaChuma
Hakuna herufi. Kuna alama ya kiwanda, ya kawaida tu. Na mwaka sijauona vizuri, taa ya gereji mbovu.

BabuRashasha
Mwaka unaanza na ngapi?

MkandaWaChuma
Kumi na tisa.

BabuRashasha
Inayofuata?

MkandaWaChuma
Taa mbovu babu.

Chuma_Chakavu
😂😂😂😂 Aliyekuuzia ulimlipa ngapi?

MkandaWaChuma
Euro 140. Na aliyeniuzia nawaambia mnamjua pia, ila huyo nitamfungulia uzi wake. Huyu wa leo bado kesi yake iko pale pale. Mtu anaweza kuwa sahihi na bado akawa mshenzi. Ungeniita pembeni! Ungeninong'oneza, "kijana, njoo, angalia hapa." Ufunguo, halafu Kiholanzi!

DadaWaTanga
Hapo kwenye Kiholanzi nakuunga mkono kabisa.

MtavetaHalisi
Mkuu, hilo sanduku lako kifuniko kinafunga vizuri? Kina mpira ndani kama lile la mama wa Kariakoo?

MkandaWaChuma
Kinafunga. Mpira halina.

MtavetaHalisi
Basi unga hapana. Na vitunguu?

MkandaWaChuma
Unaniuliza mimi hivyo kweli?

MtavetaHalisi
Naulizia bei tu, ndugu. Kuna binamu yangu anakuja kutoka Brussels mwezi ujao, anaweza kulibeba. Ni bei ya vita au ya baada ya vita?

MkandaWaChuma
Njoo inbox.